TONGE LIKIKWAMA KOONI: TULIFIKAJE KWENYE "TANO NA TANO"

Makala ya leo ni ya historia, lakini ni historia ambayo unaweza kuitumia jioni hii hii ukiwa unakula.

Sisi tunaojitolea kwenye huduma ya kwanza tuna ubishi mmoja ambao hauishi. Mtu akikabwa na chakula, unampiga mgongoni au unambana tumbo? Mwenzetu aliyefundishwa zamani anasema kumpiga mgongo ni hatari, utalizamisha tonge zaidi. Mwingine aliyefundishwa juzi juzi anasema anza na mgongo. Wa tatu, ambaye alifundishwa na mkufunzi mgeni, anasema tumbo usiguse kabisa, bana kifua. Wote watatu wana vyeti, na hakuna anayedanganya, kila mmoja anarudia alichofundishwa. Tatizo ni kwamba mtu asiyepata hewa hawezi kusubiri sisi tukubaliane. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu unaanza kuharibika, na kwa wengi wetu hospitali ya kambi iko mbali kuliko hizo dakika.

Basi tukaamua kufuatilia huu ubishi umetoka wapi. Kumbe haukuanzia kwetu. Madaktari wakubwa wamebishana hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya hamsini.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Mwili wa binadamu umejengwa na hatari moja ndani yake. Njia ya chakula na njia ya hewa zinaanzia sehemu moja, kooni. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859 alishangaa jambo hilo: kila kitu tunachomeza lazima kipite juu ya mlango wa njia ya hewa. Kuna kifuniko kidogo kinachofunga mlango huo kila tunapomeza. Ukicheka, ukiongea au ukikimbia huku unakula, kifuniko kinaweza kuchelewa, na chakula kinapita pasipo pake.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kina maneno zaidi ya moja. Kuna kupaliwa, na kuna kukabwa. Wengine wanasema kusakamwa, wengine kunyongwa na chakula. Watu wanayachanganya, lakini katika makala hii tutayatenganisha hivi. Aliyepaliwa anakohoa kwa nguvu, macho yanatoa machozi, anaweza kusema "maji" au "niache". Hewa bado inapita. Aliyekabwa hana sauti. Anafungua mdomo hakitoki kitu, mikono iko shingoni, macho yamemtoka. Hewa haipiti. Tutaona kwamba historia yote hii imesimama juu ya tofauti hiyo.

ZAMANI: MAOMBI NA BONGE LA UGALI

Wakatoliki wenzetu wanajua kwamba tarehe 3 Februari padri anaweka mishumaa miwili kwenye koo la kila mtu na kumbariki. Ni siku ya Mtakatifu Blasius, askofu wa Sebaste huko Armenia ya zamani. Masimulizi yanasema alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Iwe ilitokea hivyo au la, masimulizi hayo yanatuonyesha kwamba watu wameogopa kitu kukwama kooni tangu zamani sana, na kwamba hawakuwa na namna nyingi za kufanya.

Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, Baraka, Fizi, Uvira, mpaka Kigoma huku, watu wanakula samaki kila siku na miba tunaijua. Dawa ya bibi zetu ilikuwa moja: meza bonge la ugali bila kutafuna, litausukuma mwiba. Hapa tuseme ukweli kwa heshima. Mwiba mara nyingi unachoma kwenye njia ya chakula, ndiyo maana mtu analalamika anaumia lakini anapumua na kuongea. Bonge la ugali linaweza kuuzamisha mwiba zaidi, kwa hiyo bora aende kituo cha afya. Na kwa mtu aliyekabwa kweli, asiyepumua, kumpa ugali au maji ni kuongeza kizuizi juu ya kizuizi.

VYUMA VYA MADAKTARI

Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walianza kuingiza vyombo ndani ya njia ya hewa. Mwaka 1897, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alitumia bomba la chuma kutoa kipande cha mfupa wa nguruwe kwenye njia ya hewa ya mkulima mmoja. Kabla ya hapo mtu wa namna hiyo alikuwa anakaa na mfupa wake mpaka mapafu yaoze, au anapasuliwa.

Baada yake akaja Chevalier Jackson, daktari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1958. Huyu alitunza kila kitu alichokitoa kwenye koo na vifua vya watu: pini, vifungo, sarafu, mifupa, vitu vya kuchezea. Vitu 2,374 viko mpaka leo katika makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia, vimepangwa kwenye droo. Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto. Jackson hakuishia kutoa vitu tu, aliwaonya wazazi. Karanga alizipiga vita sana, kwa sababu mtoto mdogo hana magego ya kuzisaga. Sisi tunaolea wadogo zetu wakati mama yuko kwenye foleni ya posho tunajua karanga zinavyopewa mtoto ili anyamaze.

Lakini angalieni jambo moja. Kazi ya Killian na Jackson iliwasaidia waliofika hospitali wakiwa hai. Yaani wale ambao hewa kidogo ilikuwa inapita. Aliyezibwa kabisa alikuwa anafia mezani, mbele ya watu, na daktari mwenye bomba lake hakuwepo.

FLORIDA WALISEMA MOYO, SISI TUNASEMA KARUHO

Mwaka 1963 daktari mmoja wa Florida, Roger Haugen, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vifo vya ghafla, aliandika makala fupi kwenye jarida la madaktari wa Marekani. Alieleza habari za watu waliokufa ghafla mahotelini wakiwa wanakula. Mtu yuko mezani, mara ananyamaza, anaanguka, amekufa. Kila mtu alisema ni moyo. Haugen alipowachunguza alikuta vipande vikubwa vya nyama vimeziba koo. Moyo haukuwa na kosa. Watu walikuwa wamekaa pembeni wanamwangalia mwenzao akikabwa na wakadhani ni ugonjwa mwingine.

Jambo hili linatuhusu kuliko watu wa Florida. Huko Kivu tulikotoka, mtu akianguka na kufa katikati ya chakula, neno la kwanza kusikika si moyo. Ni karuho. Amelishwa sumu. Na sumu lazima iwe na mtu aliyeitia, kwa hiyo macho yanamgeukia mama aliyepika, au jirani aliyealika, au mke wa pili. Hatusemi kwamba hakuna sumu duniani. Tunasema wengi wetu tumekaa kwenye misiba ambapo hakuna aliyemwangalia marehemu kooni, lakini jina la mchawi lilikuwa limeshapatikana kabla ya kaburi kuchimbwa. Mama wa namna hiyo anahamishwa zoni, watoto wake wanakosa wa kucheza nao, na wakati mwingine anapigwa.

Kwa hiyo kujua dalili za kukabwa kunaokoa watu wawili. Kunamwokoa aliyekabwa, na kama amekufa, kunaweza kumwokoa aliyepika.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine. Mwenye shida ya moyo kwa kawaida bado anaweza kukuambia kifua kinauma. Aliyekabwa hawezi kusema neno. Muulize: "Umekabwa? Unaweza kuongea?" Akitikisa kichwa bila sauti, usitafute sababu nyingine, anza kazi.

HEIMLICH NA MVUKUTO WA MHUNZI

Kutambua ni hatua ya kwanza. Sasa unafanyaje? Kwa miaka mingi Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa unafundisha kupiga mgongo. Kisha mwaka 1974 akatokea Henry Heimlich, daktari wa upasuaji wa kifua katika mji wa Cincinnati. Alisoma takwimu kwamba Wamarekani karibu 3,900 kwa mwaka wanakufa kwa kukabwa, akashtuka.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Mtu akikabwa, ndani ya mapafu bado kuna hewa. Wale waliowahi kuona mhunzi kijijini wanaujua mvukuto: ukiubana, hewa inatoka kwa nguvu upande wa pili. Heimlich alisema mapafu ni mvukuto. Chini yake kuna kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukisukuma tumbo kwenda ndani na juu, kiwambo kinapanda, mapafu yanabanwa, hewa inasukuma tonge litoke. Alijaribu kwa mbwa waliolazwa usingizi kwa dawa na kuzibwa njia ya hewa, na kizibo kikaruka. Mwezi wa Juni 1974 akaandika kwenye jarida la Emergency Medicine, na mwandishi wa habari mmoja wa Chicago akaipeleka habari hiyo kwenye magazeti ya kawaida.

Kilichofuata ndicho kinachotufurahisha sisi wa kujitolea. Haikupita muda, mzee mmoja mstaafu katika jimbo la Washington, ambaye zamani alikuwa na hoteli, aliitwa na jirani: mke wake ameanguka mezani. Mzee hakuwa daktari. Alikuwa amesoma gazeti tu. Kwanza akawaza ni moyo, halafu akakumbuka alichosoma, akambana yule mama tumbo, na kipande cha kuku kikatoka. Yaani mtu wa kwanza anayejulikana kuokolewa kwa njia hii aliokolewa na jirani aliyesoma kitu na kukikumbuka.

UBISHI WENYEWE

Mwaka 1976 mashirika ya Marekani yalipokea njia ya Heimlich, lakini yakaiweka baada ya kupiga mgongo. Yeye hakuridhika. Alizunguka kwenye televisheni na kwenye mikutano akiita kupiga mgongo "mapigo ya kifo", akidai kwamba kunalizamisha tonge. Mwaka 1985 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alimuunga mkono na kutangaza kwamba kubana tumbo ndiyo njia ya pekee. Mgongo ukafutwa kwenye vitabu vya Marekani kwa miaka ishirini hivi. Mwenzetu anayesema mgongo ni hatari, mwalimu wake alitoka kwenye kipindi hicho.

Nchi zingine hazikufuata. Ulaya waliendelea na mgongo kwanza, halafu tumbo. Australia waliona kubana tumbo kunaweza kuumiza viungo vya ndani, wakafundisha mgongo na kifua. Mwenzetu wa tatu naye tumempata.

Halafu kumbukumbu za watu waliokabwa zilipokusanywa, ilionekana kwamba mara nyingi njia moja haikutosha, tonge lilitoka baada ya kuchanganya mbili. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Marekani ukarudisha mgongo: mara tano mgongoni, mara tano tumboni. Na mwaka 2025 Shirika la Moyo la Marekani, ambalo lilishikilia tumbo peke yake kwa muda mrefu, nalo likaandika kwenye mwongozo wake: mgongo mara tano, kisha tumbo mara tano. Miaka karibu hamsini, wakarudi karibu na pale walipokuwa mwaka 1976.

Heimlich mwenyewe ni mtu wa kutufundisha mambo mawili. Aliokoa watu wasiohesabika, huo ni ukweli. Lakini pia alitaka njia yake itumike kwa waliozama majini, na wataalamu walikataa kwa sababu aliyezama anahitaji kupuliziwa pumzi haraka, si kukamuliwa tumbo. Na aliunga mkono wazo la kutibu UKIMWI kwa kumwambukiza mgonjwa malaria, majaribio yakafanyika China, na wataalamu wakalipinga. Sisi tunaougua malaria kila msimu wa mvua hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Hata mwanawe mwenyewe alijitokeza kumpinga hadharani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa sahihi kwenye jambo moja na kukosea kwenye mengine, na cheti au jina kubwa havimalizi ubishi. Ushahidi ndio unaomaliza. Mwaka 2016, akiwa na miaka 96, Heimlich aliitumia njia yake kwa bibi mmoja aliyekabwa katika makao ya wazee alipokuwa anaishi, na bibi akapona. Desemba ya mwaka huo huo akafariki.

SASA TUFANYE NINI

Sisi wa kikundi tumekubaliana kufundisha kitu kimoja ili tusibishane juu ya mtu anayekufa:

1. Akiwa anakohoa kwa sauti, mwache akohoe na umtie moyo aendelee. Usimpige, usimpe maji. Kaa naye.

2. Akiwa hana sauti, au kikohozi kimekuwa cha kimya, au midomo na kucha zinabadilika rangi, ita msaada kwa sauti. Mtu mmoja akimbie kutafuta usafiri au mhudumu wa afya, wewe baki.

3. Simama pembeni yake, nyuma kidogo. Mwinamishe mbele, mkono mmoja umshike kifuani. Kwa sehemu ngumu ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, mpige katikati ya mabega mgongoni, kwa nguvu, mara tano. Kuinama ni muhimu. Akiwa wima, ndipo ile hofu ya tonge kushuka inapokuja.

4. Kama halijatoka, simama nyuma yake. Kunja ngumi, iweke juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo. Ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu, mara tano.

5. Rudia, tano na tano, mpaka litoke au azimie.

6. Mama mjamzito au mtu mnene sana ambaye mikono yako haimzunguki: badala ya tumbo, vuta katikati ya kifua.

7. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, umeshika taya yake. Mpige mgongoni mara tano, mgeuze, mkandamize katikati ya kifua mara tano, urudie.

8. Akizimia, mlaze chini, anza kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama ulivyofundishwa. Kila unapotaka kupuliza angalia mdomoni. Kitu ukikiona, kitoe. Usipokiona usiingize kidole kupapasa, unaweza kukisukuma ndani.

9. Aliyebanwa tumbo au kifua, hata kama amepona na anacheka, aende kituo cha afya akaangaliwe kama hakuumia ndani.

Ukikabwa ukiwa peke yako, jibane mwenyewe kwa ngumi au lala kwa tumbo juu ya mgongo wa kiti na ujisukume kwa nguvu.

Kwa wadogo zetu: karanga nzima, mahindi ya kukaanga, maharagwe makavu, sarafu, vifuniko vya chupa na betri ndogo za redio viwekwe mbali. Mtoto akae chini anapokula, asikimbie na chakula mdomoni. Wazee wasio na meno wakatiwe nyama vipande vidogo. Hayo hayana gharama, hata siku posho imepunguzwa.

Ombi letu kwa kaka na dada wa mashirika: mnapoleta mafunzo, tuulizeni kwanza wenzetu walifundishwa nini zamani, halafu mtuambie nini kimebadilika na kwa nini. Mtu akijua sababu, anaacha ya zamani bila ubishi. Akipewa cheti kipya tu, atashikilia kile cha kwanza.

Na kwenu vijana wenzetu: Jumamosi hii, kwenye uwanja wa zoni, tutafanya mazoezi ya namba 3, 4 na 7. Kwa watoto tutatumia mwanasesere. Kwa watu wazima tutaonyesha tu mahali pa kuweka mkono, bila kupiga wala kubana kweli, kwa sababu kumbana mtu mzima ambaye hajakabwa ni kumuumiza. Njooni na mama zenu, hasa wale wanaopika kwenye sherehe. Usiyeweza kuja, msomee makala hii mtu mmoja nyumbani asiyejua kusoma.